Gari ya turbo inakosa nguvu ku mulima? Tuanzie ku intakula

Siku moja ya Yenga, mbele ya misa, mama mumoja alikuja kupiga hodi kwangu. Bwana yake ni shofere. Anapeleka ekipe ya usiku ku kariere na kuirudisha asubuhi, ndani ya pick-up ya double cabine yenye moteri ya mazutu na turbo. Mama alikuwa na karatasi mukononi.

"Papa delege," akasema, "banamupatia demande d'explication. Banasema eti njo yeye aliua moteri. Banataka kukata ku mushahara, na masomo ya batoto inaanza sasa hivi."

Nilisoma ile karatasi mara mbili. Moteri ilikufa ku mulima, saa kumi ya usiku, na watu sita ndani ya gari. Pistoni moja ilitoboka. Kampuni ya usafirishaji, ile inayofanya kazi chini ya mine, iliandika kwamba shofere alikuwa anaendesha vibaya, anakamata mulima na vitesi kubwa, anakanyaga gazi bila huruma. Mimi si mekanisie. Ni mutu wa sendika, nilisoma sekondari kisha nikaingia ku mine kama wengi wetu. Lakini singeweza kwenda kujibu ile karatasi bila kujua moteri ilikufa ginsi gani.

Basi kesho yake nikaenda ku garaje na shofere mwenyewe. Tulikuta vitu vitatu. Ile eponji inayofunga nafasi kati ya tundu ya kapo na intakula haikuwako, imebaki paka kipande kimoja cha urefu wa kidole. Mapezi ya intakula yalizibwa na udongo mwekundu uliochanganyika na mafuta, mpaka ukiweka taa ya telefone upande mumoja hauoni mwangaza upande wa pili. Na diriti moja ilikuwa imepasuka chini ya kolie, pasipoonekana. Kisha nikaomba fiche ya gari. Mara tatu ndani ya majuma matatu shofere aliandika: "inakosa nguvu ku mulima, moshi mweusi". Mara tatu hakuna mutu aliyeweka sinyatire pembeni.

Tangu siku ile nimeulizwa na wengi, ku cité na ku kariere: intakula ni nini, na mutu anaweza kuisaidia ginsi gani ipoe vizuri? Wengi wetu sasa tuko na gari za turbo, zingine za kazi, zingine zilinunuliwa na pesa ya likelemba ili zifanye taxi. Ninaandika hapa yale niliyojifunza ku mekanisie wawili wazee na mikono yangu mwenyewe.

Turbo ni pampu ya hewa. Moshi unaotoka ku moteri unazungusha gurudumu ndogo, gurudumu ile inazungusha ingine upande wa pili, na ile ya pili inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya moteri. Wazo hili ni la zamani: Alfred Büchi, enjeniere wa Uswisi, alipata haki ya uvumbuzi wake mwaka 1905. Hewa ikiwa mingi, mazutu mingi inaweza kuungua vizuri, na moteri ndogo inavuta sawa moteri kubwa.

Shida ni joto. Kila mutu aliyepiga pompe ya kinga anajua: ukisukuma hewa, pompe inakuwa moto mukononi. Turbo ni vile vile, lakini mara nyingi zaidi. Na hewa yenye moto inapanuka, inachukua nafasi kubwa bila kuwa na kitu ndani. Kwa hiyo tunaweka radiateri ndogo katikati ya turbo na moteri. Njo intakula ile. Haina maji ndani yake, ku gari zetu nyingi. Hewa ya turbo inapita ndani ya vitiyo, upepo wa inje unapita katikati ya mapezi, na joto linaondoka.

Sasa tuangalie Kolwezi. Muji wetu uko juu, karibu metre 1,400 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Hapa hewa ni nyepesi: nguvu yake imepungua karibu sehemu moja kwa sita kuliko kule Matadi ku bandari. Turbo haijui kama iko Kolwezi, inajua tu kwamba inapashwa kuleta kiasi kile kile cha hewa. Tukipiga hesabu kwa turbo ya kawaida, na joto la inje digri 30: kule Matadi hewa ingetoka ku turbo na digri karibu 100. Huku kwetu, ili kufikia nguvu ile ile, inatoka na digri karibu 125. Na upepo unaopaswa kupoza intakula, nao pia ni mwepesi. Tunapoteza mara mbili. Mutu anayesoma shauri la intakula lililoandikwa kwa watu wa pwani, akumbuke hilo.

Intakula nzuri, yenye kupata upepo, inaweza kushusha ile hewa kutoka digri 125 mpaka karibu 55. Hesabu inaonyesha kwamba hewa ile inabeba karibu 20 kwa mia zaidi ndani ya nafasi ile ile. Na kama intakula imezibwa, moteri inapata hewa kidogo na ya moto, mazutu haiungui yote, moshi mweusi unatoka, joto ndani ya silindri linapanda. Shofere anaona gari haivuti, anakanyaga zaidi. Hapo njo ubaya unaongezeka. Niseme ukweli lakini: mekanisie wote wawili waliniambia kwamba intakula peke yake ni mara chache itoboe pistoni. Mara nyingi kunakuwa tena inyekteri inayomwaga mazutu vibaya. Lakini injini iliyonyimwa hewa ya baridi inakuwa sawa mutu mwenye malaria anayepewa gunia abebe.

Kujua kama intakula yako inafanya kazi, kuna njia ya bei ndogo. Nunua termometre mbili za waya, zile ndogo za elektroniki. Funga moja ku tiyo inayoingia ku intakula, ingine ku tiyo inayotoka, juu ya chuma na si juu ya mpira, uzifunike na kitambaa kidogo ili upepo usizidanganye. Endesha gari ku mulima, mwenzako asome, si wewe unayeshika usukani. Tiyo ya kuingia inapashwa kuwa na moto mwingi. Ya kutoka, gari ikitembea vizuri, isizidi sana digri 20 ao 30 juu ya joto la inje. Kama zote mbili zinakaribiana, intakula hailali tu, imekufa. Wengine wanashika na mukono. Tiyo ya turbo inachoma. Mimi niko na alama ku kidole mpaka leo.

Mbele ya kununua kitu chochote, osha. Hii njo kazi inayoleta faida kubwa kuliko zote huku kwetu, na ni ya bure. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi, vumbi la barabara ya kariere ni sawa unga. Linaingia ndani ya mapezi, linakutana na mafuta kidogo yanayotoka ku kolie, linakuwa udongo wa kufyatua matofali. Mvua za kwanza zikifika, matope yanaongeza. Na mwezi wa kumi njo mwezi wa moto kuliko yote: intakula inakuwa imezibwa sana wakati ule ule tunaihitaji zaidi.

Ginsi ya kuosha: moteri ipoe kabisa. Mwaga maji ya sabuni ama degrese ya moteri, acha dakika kumi. Kisha piga maji kutoka upande wa nyuma kwenda mbele, yaani kinyume cha njia vumbi iliingilia. Ukipiga kutoka mbele unasukuma uchafu ndani zaidi. Maji ya tiyo ya kawaida inatosha. Wale vijana wa kuosha gari ku barabara na mashini yao ya presio, wakikaribisha ile mudomo ku mapezi, yanalala yote sawa majani ya mahindi kisha mvua ya mawe, na upepo haupite tena. Kama mapezi yako yamelala, kuna kichanio chake; kisu chenye ncha laini na uvumilivu vinafanya pia. Nilikaa saa mbili na mutoto wangu wa kwanza tukinyoosha ya gari ya jirani. Mutoto alisema hiyo ni kazi ya bamama ya kusuka nywele.

Ndani ya intakula ni kitu kingine. Mafuta kidogo, sawa ngozi nyembamba, ni ya kawaida. Yanatoka ku pumzi ya moteri. Lakini ukiinamisha intakula na mafuta yakamwagika sawa kikombe, basi tafuta chanzo: turbo inaanza kuchoka, ama moteri yenyewe inapumua vibaya. Mafuta ndani yanafunika chuma na joto halitoki vizuri. Toa intakula yote ku gari, mimina petroli ya taa ama degrese ndani, tikisa, mwaga, rudia mpaka inatoka safi. Kisha maji ya moto na sabuni. Kisha jua, siku nzima, vinywa vikiangalia chini.

Hapa ninaomba mama na vijana wanaosaidia wasome vizuri. Usirudishe intakula ikiwa na petroli, mazutu ama mafuta ndani. Moteri ya mazutu haina lazima ya buji. Kila kitu kinachoungua kinachopita ku njia ya hewa, itakikula. Inaweza kuanza kukimbia yenyewe, ukizima ufunguo haisimame, inapanda mpaka inavunjika. Na usifanye kazi hii karibu na makala ya kupikia. Esansi hapana kabisa: mvuke yake inatembea chini mpaka inakuta moto.

Kitu kingine ambacho magaraje yetu yanasahau: kama turbo ya zamani ilivunjika, vipande vya chuma viko ndani ya intakula. Mutu anaweka turbo mupya, hafungui intakula, na ile chuma inangoja. Siku moja inaingia ku moteri. Kama hauwezi kuisafisha mpaka uwe na hakika, tafuta ingine.

Kisha kuosha, tafuta fasi hewa inatoroka. Diriti zetu ni za mpira, zinakaa karibu na moto, zinapasuka. Hewa inatoroka kupitia kidonda kidogo unachosikia paka ku mulima: "fyuuu". Unaweza kufunga mudomo wa turbo, upande wa filtri, na kifuniko chenye valve ya pneu, moteri ikiwa imezimwa, usukume hewa ya kompresa polepole kwa bar moja isizidi, na upake maji ya sabuni ku kila kolie na kila mukunjo wa diriti. Povu inakuonyesha. Usisimame mbele ya kile kifuniko. Kikiruka, kinavunja meno. Kolie za kukaza na tournevis zinalegea. Zile za chuma pana zenye bulo zinakaa vizuri zaidi. Ndani ya diriti na ku shingo ya tiyo usipake mafuta ili iingie rahisi, itateleza itoke siku ya mzigo.

Sasa upepo wenyewe. Upepo ni mvivu, unapita fasi rahisi. Kama kuna nafasi pembeni ya intakula, utapita pembeni na hautajisumbua kuingia kati ya mapezi. Ku Hilux ya 3.0 D-4D, intakula iko juu ya moteri na inakula upepo kupitia tundu ya kapo. Kati ya tundu ile na intakula kuna mupira ama eponji inayofunga. Watu wanaiona sawa kitu ya urembo. Ikikatika, upepo unaoingia ku tundu unasambaa juu ya moteri, na hewa ya moto ya moteri inarudi juu ya intakula. Kurudisha ile eponji kunagharimu kidogo kuliko kitu kingine chote ku habari hii. Nimeona mutu akikata ya matelas. Usifanye: joto linaivunja, na vipande vinaenda kuziba mapezi uliyoosha jana. Tumia ule mupira wa kufunga mulango wa gari, unaopatikana ku wale wanaouza pièces za zamani.

Ku gari zenye intakula mbele, nyuma ya parshoki, angalia pembeni, juu na chini. Kata karatasi ya aluminium ama plastiki ngumu ya bidon, funga zile nafasi ili upepo wote ulazimike kupita ndani ya intakula, kisha radiateri. Toa vitu mbele: taa za ziada, plaka, bandera, bendera ya sendika pia, mimi mwenyewe niliondoa yangu. Pare-buffle yenye vyuma vinene mbele ya intakula inazuia. Wavu wa kuzuia mbegu za majani ni muzuri wakati wa kiangazi, lakini uwe wa kutoa, na uoshwe kila juma. Wavu uliojaa ni sawa ukuta. Na ile plastiki chini ya moteri, mekanisie wengi wanaitupa kwa sababu inawachelewesha kumwaga mafuta. Iko pale ili kusaidia upepo uvutwe kutoka mbele na kutoka chini. Irudishe.

Kuna joto lisilo la turbo. Tiyo ya baridi, ile inayotoka ku intakula kwenda ku moteri, ikipita karibu na chuma cha moshi, inapashwa moto tena bule. Isogeze, ama weka bati katikati yao pakiwa na nafasi ya hewa. Wengine wanafunga chuma cha moshi na kitambaa cha kuzuia moto. Inasaidia, lakini kama moteri yako inadondosha mafuta, kitambaa kile kinanywa mafuta na siku moja kinawaka. Na filtri ya hewa! Filtri iliyozibwa inafanya turbo ivute kwa nguvu na kuzunguka zaidi ili kuleta kiasi kile kile, na hewa inatoka na moto zaidi. Huku ku vumbi letu, filtri haifuate kitabu, inafuata barabara. Usiipige chini ku pneu kama wanavyofanya wengi. Inapasuka, na vumbi linakula turbo.

Wakati gari inasimama ama inatambaa, mambo yote niliyosema juu ya upepo yanakufa. Na sisi tunatambaa mingi. Ku barabara kati ya Likasi na Kolwezi, ukiwa nyuma ya makamio yenye mzigo ku mulima, unaenda pole pole muda murefu, upepo hakuna, moteri iko chini ya mzigo. Intakula ya juu ya moteri inapikwa kutoka chini sawa sufuria. Ventilateri ndogo ya umeme inasaidia hapo, na si mbio mbio. Iwekwe ili ivute upepo njia ile ile ambayo upepo wa barabara unapita. Nimeona moja iliyowekwa kinyume, zikigombana siku nzima. Weka fizibo na rele yake. Na isiwe pana mpaka inafunika intakula yote, kwa sababu ukitembea na mbio, yenyewe inakuwa kizuizi. Mashofere wanaweza pia kusaidia bila franka moja: acha nafasi na kamio ya mbele, usikule moshi na joto yake, shuka vitesi mapema, punguza gazi. Ukifika juu, usizime moteri palepale, iache dakika moja ama mbili ipumue.

Vijana wananiuliza sana juu ya maji. Subaru Impreza WRX STI na Mitsubishi Lancer Evolution, zile za mashindano, zilitoka ku fabrike Japani zikiwa na vitiyo vya kumwaga maji juu ya intakula. Ni kitu cha kweli. Maji yakigeuka mvuke yanabeba joto kubwa: litre moja inachukua kilojoule karibu 2,260. Nilipiga hesabu na mutoto wa mudogo wangu anayesoma polytechnique. Moteri ya litre 3 ku mulima inahitaji kutoa ku intakula karibu kilojoule 8 kila sekunde. Basi litre moja ingetosha dakika nne na nusu, kama maji yote yangegeuka mvuke. Hayageuke yote, mengi yanadondoka chini. Kwa hiyo maji ni ya mulima mumoja mubaya, si ya safari ya Lubumbashi. Pompe ya kuosha kioo na sindano ya kumwaga maji laini sawa umande vinatosha. Maji yakitoka sawa mukojo hayafanye kitu. Na maji yawe safi. Ya mvua ni mazuri. Maji yanayotoka ku mine usiyaweke kamwe, yana asidi na yanakula aluminium. Maji ya chumvi chumvi yanaacha ukoko mweupe ku mapezi, na tunarudi ku kuosha.

Kununua intakula kubwa? Njo swali la kwanza watu wanauliza, na mimi ninaliweka mwisho. Kubwa ni nzuri kama umekwisha kufanya yote ya juu. Lakini kubwa ina nafasi kubwa ya kujaza, turbo inachelewa kuamka. Ya bei ndogo inaweza kuwa na njia nyembamba ndani: turbo inatoa bar moja, ku moteri inafika 0.7, na turbo inazunguka zaidi ili kulipa deni, inaleta joto ambalo ulitaka kuondoa. Ukinunua, pima nguvu ya hewa upande wote mbili. Ikipotea zaidi ya bar 0.2, uliibiwa. Tena, ikiwa mbele ya radiateri, inazuia upepo wa radiateri. Utapoza hewa na kuchemsha maji.

Na wale wanaobadilisha programu ya moteri ili turbo isukume zaidi, wakubali hesabu hii: ukipandisha nguvu ya turbo kutoka mara mbili ya hewa ya inje mpaka mara mbili na nusu, joto linatoka digri 125 linafika karibu 160. Intakula ile ile, ku barabara ile ile. Mimi sikatae mutu kutaka gari yenye nguvu, lakini kwa gari ya kupeleka watu ku kazi, ninakataa.

Wenzetu wa mabenne makubwa ya kariere wanajua kitu hiki kwa jina lingine, aftakula. Ku moteri zingine kubwa, hewa inapozwa na maji na si na upepo. Kama ni maji yale yale ya moteri, yenye digri 85 ama 90, hewa haiwezi kushuka chini ya hapo. Njo sababu zingine zina mzunguko wake na radiateri yake peke yake. Ku Land Cruiser pick-up ya moteri 1HZ, ile ya litre 4.2 tunayoijua sote, hamuna turbo wala intakula. Mutu akikuambia atakuuzia intakula ya 1HZ yako ili ivute vizuri, mupe chai na umuonyeshe njia.

Turudi ku shofere wetu. Tulikaa na wakubwa wa ile kampuni siku ya ine. Niliweka juu ya meza kile kipande cha eponji, foto za intakula, na fiche zile tatu. Mukubwa wa garaje alisema fiche hazikufika kwake. Nikauliza: zinapaswa kufika ku nani? Kimya. Mutu mumoja wa biro akasema pick-up nyingi zina eponji ile imekatika na hazikufa. Nikamwomba twende parking tuhesabu. Tulienda. Ku gari tano, tatu hazikuwa nayo, na moja ilikuwa ya kwake mwenyewe.

Hawakukata mushahara. Lakini barua ya onyo ilibaki ndani ya dosie yake, kwa sababu, walisema, shofere alipaswa kusimamisha gari. Ni kweli alipaswa? Mara mbili mbele ya hapo aliisimamisha, na mara zote mbili ekipe ilichelewa na yeye njo alipigiwa kelele. Hiyo barua bado tunaigombania, na kikao kingine kiko mwezi ujao.

Kitu kimoja kimebadilika ku parking ile. Ku fiche ya asubuhi kuna mustari mupya: "intakula, diriti, eponji", na fasi mbili za sinyatire, ya shofere na ya garaje. Shofere anachukua foto ya ile fiche na telefone kila siku mbele ya kuwasha moteri. Bibi yake njo alimuambia afanye vile.